Mtoto Ana Afya

Mtu akirudi kijijini baada ya kupotea kwa muda, mashavu yamejaa na mikono imeviringana, hupokelewa kwa sifa moja: "Umekuwa na afya!" Hakuna aliyempima presha wala aliyeuliza habari za moyo na ini lake. Afya, katika Kiswahili cha kila siku cha Tanzania, ni unene unaopendeza kutazama. Mtoto mwenye afya ni mtoto mnene. Aliyekonda "hana afya" hata kama anashinda akikimbia nyuma ya mbuzi. Neno tulilipata kwa Waarabu, na kwao lina maana pana ya usalama na uzima wa mwili. Kwetu limekaa kwenye mashavu, na hapo ndipo linapowaponza watoto.

Mtoto anayeanza kuugua kwashakoo huvimba. Maji hujikusanya miguuni, kisha mikononi na usoni, na uso ule uliojaa ukitazamwa kwa haraka unafanana na uso wa mtoto aliyeshiba. Jirani anapita uani, anamsifu mama kwa mtoto mwenye afya, na mama anatulia siku kadhaa zaidi, ilhali kidole kikibonyezwa juu ya unyayo wa mtoto huyo kinaacha shimo ambalo halirudi upesi. Mtoto aliyedumaa naye husifiwa vilevile. Nyama yake inatosha mifupa yake. Kilichopungua ni urefu wa mifupa yenyewe, na urefu hakuna anayeushtukia, kwa kuwa "ukoo wao ni wafupi". Sina shaka kwamba wapo watoto waliochelewa kufikishwa zahanati kwa sababu ya neno hili moja jema. Ndiyo maana nayafuata maneno ya lishe kwa makini kuliko mtu anavyoyafuata maneno ya mchezo: kila moja lina mtoto nyuma yake.

Neno linalotawala sasa ni udumavu. Limetoka kwenye kudumaa, kitenzi ambacho mkulima na mfugaji wanakijua vizuri: mahindi hudumaa kwa ukame, ndama hudumaa kwa kupe na nyasi mbaya. Kiswahili kina pia kuvia, na ningefurahi kulisikia zaidi, maana kuvia ni kushindwa kufikia ukubwa wako, jambo lenyewe hasa. Lakini sikio langu husikia kudumu ndani ya kudumaa, na kwa hilo neno limesema kweli kubwa. Mtoto akivuka umri wa miaka 2 akiwa amedumaa, urefu uliopotea haurudi kirahisi, na yaliyopotea pamoja nao katika ubongo ni magumu zaidi kuyarudisha.

Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2010 ulikuta watoto 42 katika kila 100 walio chini ya miaka 5 wamedumaa Tanzania. Ule wa 2015/16 ulikuta 34, na ule wa 2022 ulikuta 30. Ni maendeleo ya kweli, na waliofanya kazi hiyo wanastahili shukrani. Hata hivyo, katika utafiti huo wa mwisho Iringa ilikuwa na asilimia 57 hivi, Njombe na Rukwa zikiwa karibu asilimia 50. Hii ni mikoa inayolisha nchi. Maroli ya mahindi, viazi na maharage yanashuka kutoka huko kwenda Dar es Salaam na Dodoma, na nyuma yake yanaacha watoto ambao nusu yao hawakufikia urefu wao.

Hapo ndipo neno jingine linapoanza kutudanganya, nalo ni utapiamlo. Lipasue, na upande wake wa kulia unakuta mlo. Anayelisikia, hata asiyejua kusoma, anapata picha ya chungu kitupu, ya nyumba isiyo na unga. Kwa hiyo mzazi wa Njombe mwenye magunia ya mahindi ghalani husikiliza mhadhara wa utapiamlo kama habari za watu wengine. Kwake chakula kipo. Watoto wanakula na wanashiba. Neno halimwambii kwamba kuharisha mara kwa mara, malaria, minyoo, mama aliyefanya kazi nzito hadi siku ya kujifungua, na mchana mzima wa kushinda na uji uliopoa, vyote hivyo ni njia za kufika palepale. Mlo ni sehemu ya habari, na neno limeufanya kuwa habari yote.

Tazama pia jinsi maneno ya ofisini yanavyofanana kwa umbo: utapiamlo, udumavu, ukondefu, upungufu wa damu, uzito pungufu. Yote yamevaa U, ngeli ya mambo yasiyoshikika, mahali pamoja na uzuri na uvivu. Jambo likishaingia katika ngeli hii linapoteza mtu aliyelitenda, mtu aliyelipata na wakati lilipotokea. Linaweza kuandikwa kwenye taarifa ya robo mwaka bila mtoto yeyote kuonekana. Wazazi hawasemi hivyo. Mama husema: "Hakui." "Haongezeki." "Tangu tuanze palizi amegoma kula." Katika sentensi hiyo ya mwisho ametaja tarehe, amekupa chanzo, na ukiwa msikivu amekupa pia dawa, kwa kuwa palizi ndiyo iliyomtoa nyumbani alfajiri na kumrudisha jioni. Mganga wa zahanati akiandika daftarini "ukondefu wa kadiri", sawa, takwimu zinahitaji majina. Ila mazungumzo na mama yabaki kwenye kitenzi, kwa sababu kitenzi kinaweza kujibiwa.

Hata kipimo tulichokizoea kimejificha ndani ya lugha. Kijijini, kumpeleka mtoto kliniki ni "kumpeleka kupima", na kupima maana yake ni uzito: mtoto anavalishwa ile suruali ya kitambaa, ananing'inizwa kwenye mzani, analia, nukta inawekwa kwenye kadi. Mama anajua kusoma rangi za kadi hata kama hasomi herufi. Anajua kijani ni salama na nyekundu ni hatari. Hilo ni jambo zuri lililojengwa kwa miongo mingi. Lakini urefu haukuingia katika maana ya kupima. Ubao wa kupimia urefu ni mgeni, unataka watu wawili wa kumshika mtoto, na mara nyingi haupo. Mtoto anaweza kubaki kwenye kijani mwezi hadi mwezi, mama akapongezwa, naye anadumaa mbele ya macho ya watu wote. Utepe wa mkono umeingia kwa urahisi zaidi, kwa kuwa nao unasema kwa rangi: kwa mtoto wa kati ya miezi 6 na miaka 5, mzunguko wa mkono ulio chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu, na apelekwe kutibiwa bila kungoja. Ni kipimo kizuri sana cha kukonda. Cha kudumaa bado hatuna kitu ambacho mama anaweza kukishika na kukisoma mwenyewe.

Sasa nije kwenye neno zito kuliko yote katika mada hii, ambalo halimo katika mabango ya wizara. Ni kubemenda. Mtoto akidhoofika, akiharisha bila kukoma, akichelewa kusimama, wazee husema amebemendwa: wazazi wake walirudiana kitandani kabla hajaacha ziwa, au baba alitoka nje ya ndoa kisha akamgusa mtoto, na jambo hilo likaharibu maziwa na kumharibu mtoto. Neno hili linajulikana sana Tanzania, pwani hadi bara, na nguvu yake ni ya kutisha. Mama ambaye mtoto wake amekonda anajua kwamba akipita kisimani watu wanayasoma mambo ya chumbani kwake kwenye mbavu za mtoto. Kwa hiyo anamfunika kwa kanga, anakwepa siku ya kupima, anatafuta kwanza dawa ya kubemendwa. Baya kuliko yote, anaweza kumwachisha ziwa ghafla, akiamini maziwa yake yameharibika, na hivyo kumwondolea mtoto mgonjwa chakula bora kuliko vyote alivyonavyo.

Naona haya neno hili likitajwa kwa dharau na watu waliosoma, kwa kuwa ndani yake kuna uchunguzi wa kweli. Wazee waliona kwamba mtoto huharibika pale mwingine anapofuata upesi. Walichokosea ni sababu, wakaipeleka kwenye hatia. Na hapa kuna jambo lililonishangaza nilipolijua kwa mara ya kwanza. Cicely Williams, daktari aliyezaliwa Jamaica, alipelekwa Gold Coast, Ghana ya leo, mwaka 1929. Aliona watoto waliovimba, ngozi zikibanduka, nywele zikibadilika rangi, watoto waliolishwa uji wa mahindi baada ya kuachishwa ziwa. Aliandika habari zao mwaka 1933, na mwaka 1935, katika jarida la The Lancet, aliupa ugonjwa huo jina lililotumiwa na Waga wenyewe, watu wa Accra, kwashiorkor: ugonjwa anaoupata mtoto mkubwa pale mdogo wake anapozaliwa. Madaktari wenzake walimbishia, wakidai ni ugonjwa mwingine uliokwisha kujulikana. Jina la wanawake wa Accra likawashinda wote, likaingia katika vitabu vya tiba vya dunia, na kwetu likawa kwashakoo, ingawa kamusi zetu zina pia unyafuzi.

Yaweke maneno hayo mawili pamoja. Waga na Waswahili walimtazama mtoto yuleyule, yule aliyesukumwa pembeni na mdogo wake. Neno la Kiga lilitaja alichopata mtoto. Neno letu lilitaja kosa la wazazi. Kwa tofauti hiyo moja, la kwanza likawa jina la ugonjwa unaotibika, na la pili likabaki kuwa shutuma. Na tulipolichukua lile la Kiga tulichukua sauti tu. Hakuna Mswahili anayesikia ndani ya kwashakoo habari ya mtoto na mdogo wake. Laiti tungelikuwa tumetafsiri maana, tungekuwa na neno la kulinyamazisha kubemenda.

Sayansi ya karibuni imelidhoofisha zaidi lile la hatia. Mwaka 2013 watafiti walichapisha habari za jozi 317 za mapacha wa Malawi waliofuatiliwa tangu uchanga hadi umri wa miaka 3. Katika jozi nyingi, pacha mmoja aliugua utapiamlo mkali na mwenzake hakuugua, chini ya paa moja na chungu kimoja, kwa mama yuleyule na baba yuleyule. Tofauti mojawapo iliyoonekana ilikuwa katika vijidudu vya utumbo. Anayesema mtoto amebemendwa na aeleze pacha wake alisalimikaje. Mafunzo ya wahudumu wa afya yangefaa kulitaja neno kubemenda waziwazi na kulijibu kwa heshima: kwamba wazee waliona sawa kuhusu watoto kupishana, na ndiyo sababu kuna uzazi wa mpango, lakini tendo la ndoa haliharibu maziwa, na ziwa lisiondolewe. Kulinyamazia neno hakulifuti. Linaendelea kufanya kazi yake jikoni na kisimani, mahali ambapo bango halifiki.

Ziwa lenyewe lina msamiati wake mtamu. Maziwa ya kwanza, mazito na ya njano, yana jina lake la kale, dang'a, na mahali pengi yalikamuliwa na kumwagwa kwa kudhaniwa machafu. Wakunga wa siku hizi wanayaita chanjo ya kwanza ya mtoto, na kwa maoni yangu hiyo ni tafsiri bora ya elimu ya kinga kuliko kurasa 10 za maelezo, maana kila mzazi anajua chanjo ni nini. Kumwachisha mtoto ziwa kuliitwa kumlikiza, na kutoka hapo ndipo ilipotoka likizo ya wanafunzi na wafanyakazi: kupewa ruhusa ya kuondoka. Vitabu vya zamani vya kliniki vilizungumzia vyakula vya kulikiza. Leo vinasema chakula cha nyongeza. Wengi hawakuona badiliko hilo likipita, nami nalihesabu kuwa kazi kubwa ya istilahi. Chakula cha kulikiza kinachukua nafasi ya ziwa. Kikija hiki, lile linaondoka. Chakula cha nyongeza kinakaa pamoja na ziwa. Mtoto anaanza kula akitimiza miezi 6 na anaendelea kunyonya hadi miaka 2 au zaidi. Neno jipya limebeba sera nzima ndani yake, na mama anayeisikia nyongeza anaielewa bila semina.

Neno "pekee" halikubahatika hivyo. "Mnyonyeshe maziwa ya mama pekee kwa miezi 6." Kwa mwandishi wa bango sentensi imekamilika. Kwa bibi wa mtoto, maji si chakula, kwa hiyo maji hayamo katika katazo. Dawa ya mchango, ile mizizi iliyochemshwa kwa mtoto anayelia tumbo, ni tiba, nayo haimo. Kwa hiyo mtoto ananyonya pekee, anakunywa maji, anapewa dawa ya mchango, na hakuna aliyedanganya mtu. Wahudumu waliokaa vijijini wameshalijua hilo na wameongeza maneno mawili: "hata maji". Maneno hayo hayamo katika istilahi rasmi na ndiyo yanayofanya kazi.

Kisha kuna kushiba. Tumbo la mtoto wa miezi 8 linapokea takribani robo lita kwa mara moja. Uji wa mahindi mwepesi unaonyweka kwa kikombe ni maji kwa sehemu kubwa. Ukizidishiwa unga unakuwa mzito kiasi cha kumshinda mtoto kumeza. Akipewa mwepesi anashiba kweli, tumbo limejaa, analala, na hajapata nusu ya alichohitaji. Kushiba na kulishwa ni mambo mawili, na lugha yetu ya nyumbani haiyatenganishi.

Tanzania iliwahi kulitafutia jambo hili jibu la kupendeza. Taasisi ya Chakula na Lishe, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1973, ilihimiza kimea: unga wa nafaka iliyooteshwa na kukaushwa, uleule ambao wapika pombe wanaujua tangu enzi za mababu. Kijiko kidogo cha kimea katika uji mzito kinauyeyusha mbele ya macho, kwa sababu kimeng'enya kilicho ndani ya mbegu iliyoota kinauvunja wanga, na mtoto anaweza kumeza uji wenye unga mwingi kama vile ni mwepesi. Wilbald Lorri na Ulf Svanberg walifuatilia pia uji uliochachushwa, ndugu wa togwa, na wakaona watoto waliolishwa huo wanaharisha mara chache zaidi. Bibi wa Iringa au Songea asingehitaji kufundishwa togwa wala kimea. Maarifa yalikuwa jikoni kwake. Lililokosekana ni mtu wa kumwambia kwamba yanamfaa mtoto.

Badala yake mshindi wa sokoni ni uji wa lishe. Neno lishe, kutoka kulisha, limegeuka kuwa chapa: viazi lishe vya rangi ya chungwa vyenye vitamini A, maharage lishe yenye madini chuma, unga lishe wa mchanganyiko. Kwa viazi napongeza, jina limeviuza vizuri na ndani yake mna kitu. Kwa unga nina wasiwasi. Kina mama wamejifunza kwamba lishe ni wingi wa aina: mahindi, ulezi, mtama, mchele, ngano, soya, karanga, vyote vinasagwa pamoja na kukaa kwenye ndoo mwezi mzima. Nafaka tano zilizosagwa pamoja bado ni kundi moja la chakula. Na karanga iliyosagwa ikawekwa muda mrefu, hasa ikiwa haikuchambuliwa, inaweza kuwa na sumukuvu.

Hapo nimelifikia neno ninalolipenda kuliko yote katika taaluma hii. Sumukuvu: sumu ya kuvu. Aliyeliunda alikuwa na sikio. Lingeweza kuwa aflatoksini, na lingebaki kwenye maabara. Sumukuvu linaeleza kitu, chanzo chake na ubaya wake kwa silabi 4, na linamwonyesha mkulima pa kutazama: kuvu ile ya kijani kwenye punje. Na ubaya huo haukutungwa kutisha watu. Mwaka 2004, mashariki mwa Kenya, Makueni na Kitui zikiathirika zaidi, mahindi yenye sumukuvu yaliua watu 125. Mwaka 2016 sumukuvu ikaua watu Dodoma na Manyara. Kwa jina hilo ofisa ugani anaweza kusema mambo ya mikono tu: anika juu ya turubai, si juu ya ardhi; hifadhi punje zilizokauka vizuri; toa karanga zilizosinyaa na zenye ukungu, na usiwape kuku wala usimsagie mtoto.

Kuna mengine ya namna hiyo, niyapitie upesi. Vidonge vya madini chuma na foliki asidi anavyopewa mjamzito vinaitwa vya kuongeza damu, na mama anavimeza kwa sababu jina limesema vinafanya nini. Iodini inaitwa madini joto, jina zuri ambalo halielezi sana lakini limeiuza chumvi hadi nyanda za juu zilizokuwa na rovu nyingi. Kibuyu chirizi, kile kidumu kilichotobolewa na kufungwa kamba ya kukanyagia nje ya choo, ni jina ambalo mtoto wa darasa la kwanza analisikia na kucheka kwa furaha, kisha ananawa mikono. Siku 1000 ni hesabu ya mimba, siku 270, na miaka 2 ya kwanza, siku 730. Nambari iliyotimia vizuri hivyo haisahauliki. Tangu mwishoni mwa 2017 wakuu wa mikoa wametiliana saini mkataba wa lishe, na halmashauri zikatakiwa kutenga shilingi 1000 kwa kila mtoto aliye chini ya miaka 5. Siku 1000, shilingi 1000: mwananchi yeyote anaweza kuuliza kwenye mkutano wa kijiji kama ya kwetu ilitoka.

Iringa ina historia katika habari hii ambayo vijana wengi wa mkoa huo hawaijui. Kuanzia 1983, katika vijiji 168, Shirika la Afya Duniani na UNICEF, kwa fedha za Italia, waliendesha pamoja na serikali mpango wa lishe ambao uliweka mazungumzo mahali pake. Watoto walipimwa kila robo mwaka kijijini, na matokeo yakasomwa mbele ya halmashauri ya kijiji kama jambo la kijiji, pamoja na habari za watoto waliokufa. Watu waliuliza kwa nini, wakaamua la kufanya, wakapima tena. Utapiamlo mkali ulishuka kutoka takribani asilimia 6 hadi chini ya asilimia 2 katika miaka michache. Kutokana na kazi hiyo, na ya Watanzania kama Olyvia Yambi na Festo Kavishe pamoja na Urban Jonsson wa UNICEF, ukazaliwa mchoro wa visababishi vya utapiamlo ambao UNICEF iliupitisha 1990 na ambao dunia nzima inautumia hadi leo. Mchoro huo uliweka kando ya chakula na huduma za afya kitu cha tatu chenye uzito uleule. Kwa Kiswahili ni matunzo.

Matunzo ni saa za mtu. Ni nani yuko na mtoto saa 5 asubuhi. Katika vijiji vya kilimo mama ameondoka na jembe, na mtoto amebaki na bibi, au na dada yake mwenye umri wa kwenda shule. Na mkoa ulioshusha utapiamlo mkali kwa kupima uzito mbele ya kijiji kizima bado unaongoza kwa udumavu. Kwangu hilo linasema kwamba uzito ulihesabiwa vizuri, na saa za mama hazikuhesabiwa. Hata jina la idara, "lishe ya mama na mtoto", limemwondoa baba mezani, ilhali yeye ndiye anayeamua gunia lipi liuzwe, yai liliwe au lipelekwe gengeni, na mkewe apumzike lini. Anapoitwa kliniki huitwa kama msindikizaji. Ningependa tuseme walezi, kwa wingi, na tumaanishe wote.

Limebaki jambo moja ambalo miongozo hulieleza kwa sentensi ndefu: kwamba mtoto mdogo alishwe na mtu anayemtazama, anayesubiri ameze, anayezungumza naye, asiyemlazimisha wala kumwachia bakuli na kuondoka. Waandishi wa miongozo wanatafuta istilahi yake, na ipo tayari katika kila nyumba. Ni kubembeleza. Kumbembeleza mtoto ale. Katika kamusi liko jirani kabisa na kubemenda, na katika maisha ya mtoto yanafanya kazi zilizo kinyume. Mtoto anayeanza kula anachoka upesi, anageuza shingo, anacheza na kijiko. Asiye na wa kumbembeleza anaacha nusu, na kaka zake wanaimaliza. Akila sinia moja na wakubwa hakuna anayejua alikula kiasi gani, kwa hiyo awe na bakuli lake.

Kila baada ya miezi mitatu vijiji vyetu vina SALIKI, Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji, na wahudumu wa afya ngazi ya jamii, WAJA, huita kina mama kwa kipaza sauti. Waite na mabibi, na wale dada wanaobeba wadogo zao mgongoni, na baba mwenye funguo za ghala. Pakiwa na ubao wa urefu, mtoto alazwe mbele yao wote na urefu wake utajwe kwa sauti kama uzito unavyotajwa. Kisha waulizwe: jana mchana nani alimbembeleza, kwa bakuli lipi, na ndani yake mlikuwa na nini?